Ghalib alisema, Gerard akaandika

Mwaka 1085 mfalme Alfonso VI aliuteka mji wa Toledo, Hispania, kutoka kwa Waislamu. Mtawala akabadilika, lakini vitabu vya Kiarabu vilibaki, na watu wa kuvisoma walibaki pia. Karne iliyofuata, wasomi wa Ulaya wakaanza kuja mmoja mmoja.

Mmoja wao ni Gerard wa Cremona, kutoka Italia. Yeye alifuata kitabu kimoja tu: Almagest cha Ptolemy, kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, kilichokuwa kimeshatafsiriwa kutoka Kigiriki kwenda Kiarabu. Kufika Toledo akakuta vitabu tele ambavyo Kilatini hakikuwa navyo. Basi, akajifunza Kiarabu, akakaa. Alipofariki mwaka 1187 alikuwa ametafsiri vitabu zaidi ya 70, ikiwemo Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, ambayo madaktari wa Ulaya waliisoma kwa mamia ya miaka.

Ndivyo tunavyosimuliwa: Gerard, Gerard, Gerard. Lakini Mwingereza mmoja, Daniel wa Morley, alifika Toledo akaandika kwamba Almagest Gerard aliitafsiri akisaidiwa na Ghalib, Mkristo wa pale aliyelelewa katika Kiarabu.

Na Ghalib hakuwa peke yake. Myahudi aitwaye Avendauth alitafsiri kitabu cha Ibn Sina kuhusu nafsi pamoja na padri Dominicus. Kwenye utangulizi alieleza wazi walivyofanya: yeye alitamka neno moja moja kwa lugha ya kawaida ya watu, padri akaligeuza kuwa Kilatini.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kati ya Kiarabu cha wasomi na Kilatini cha wasomi kulikuwa na lugha ya tatu, ile ya sokoni na jikoni, ambayo baadaye ilikuja kuwa Kihispania. Elimu ilipita mdomoni kwanza, ndipo ikafika kwenye karatasi. Ukifungua kitabu kilichomalizika, lugha hiyo huioni. Na mara nyingi hata jina la aliyeitamka hulioni.

Wengi wetu tumewahi kukaa kati ya mama na daktari, tukigeuza maneno huku na huku, halafu tukaambiwa eti Kiswahili chetu ni cha nyumbani tu. Sawa, ni cha nyumbani. Lugha iliyovusha elimu ya nyota pale Toledo nayo ilikuwa ya nyumbani.