Kiingereza cha madaktari wetu

Wadau, huku Ilemela mtoto wa shule ya serikali anasoma madarasa yote ya msingi kwa Kiswahili. Akipangiwa Bwiru sekondari, lugha inageuka. Akija kufaulu na kuingia udaktari pale Bugando, chuo kilichoanza mwaka 2003 chini ya Mtakatifu Augustino, vitabu ni Kiingereza kitupu.

Somo la stadi za mawasiliano, ambalo wengi tulilisoma chuoni tukidhani ni la kujazia ratiba, lina historia ndefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo chake mwaka 1978. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza sekondari ifundishwe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa! Mwaka 1984 watafiti kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza chetu: wanafunzi wa chuo kikuu walioweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Tukaletewa mradi wa vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Yaani mgonjwa ana malaria, anaongezewa uji.

Kwa maoni yangu, udaktari ndiko mambo mazito zaidi. Somo lile linamfundisha mwanafunzi kuandika ripoti na marejeo. Sasa akiingia wodini akamkuta bibi wa Magu anayejieleza kwa Kisukuma, nani kamfundisha kumwambia, akaelewa, kwamba dawa za presha haziachwi akijisikia nafuu? Mlioko wodini, hebu niambieni.