"Kutoweka": neno lililousitiri mkono wa mzazi



Juni 2024, hapa Malaz, Riyadh, tulikuwa tumekaa baada ya Isha tukinywa kahawa, habari za Muleba zikafika. Mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka miwili na nusu, aliporwa kwao tarehe 30 Mei. Mwili wake ukaokotwa tarehe 17 Juni, umekatwa viungo. Miongoni mwa waliokamatwa na kushitakiwa alikuwamo baba mzazi. Mzee mmoja akasema, "Shetani kampitia." Tukanyamaza sote. Ukimya ule ndio ulioniandikisha haya.

Tumekua tukiambiwa eti zeruzeru hafi, hutoweka tu. Tulidhani ni hadithi ya kutisha watoto. Jamani, jamii ilikuwa na haja gani na neno hilo? Sehemu kadhaa za Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi, na wapo waliouawa mara tu walipozaliwa. Hakuna kaburi wala matanga, na jirani haulizi. "Katoweka" ikawa sitara ya wazazi, nasi sote tuliishona.

Mauaji yalipovuma Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasira zikawaelekea waganga. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Sawa kabisa. Lakini mganga hajui mtoto analala chumba gani. Mara kadhaa polisi waliwakamata jamaa wa karibu, hata baba, na hapo ndipo sauti zetu hushuka.

Wala si sisi peke yetu. Kanada, mwaka 1993, Robert Latimer alimuua bintiye wa miaka 12 mwenye ulemavu mkubwa. Wengi walimhurumia baba. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikashikilia kifungo cha maisha, asiachiwe kabla ya miaka 10. Waliosimama kumtetea binti walikuwa hasa watu wenye ulemavu wenyewe.

Kwetu shetani, kwao huruma: kote anayezungumzwa ni mzazi. Katika ardhi hii ya Waarabu mabinti walizikwa hai zama za Jahiliya, na Kurani ikaja na siku ambayo atakayeulizwa ni mtoto mwenyewe, kauawa kwa kosa gani. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010. Kilichobaki ni jirani wa kugonga mlango na kuuliza: mtoto yuko wapi?