Kondensa ya Mjomba: Historia Fupi ya Spea za Magari ya Zamani

Leo tuache programu kidogo, tuzungumzie kifaa kinachotoshea kiganjani: kondensa ya gari la zamani.

Mjomba wangu ana Volkswagen Beetle. Wakati mmoja ilimzimikia njiani mara tatu katika mwezi mmoja, kila mara injini ikishapata moto. Kila mara fundi alifunga kondensa mpya. Mara ya tatu mjomba akamfukuza fundi huyo waliyejuana miaka mingi. Nilimwonea huruma, kwa sababu mimi pia hulaumiwa kwa makosa yaliyo ndani ya msimbo nisiouandika.

Turudi nyuma. Karibu mwaka 1910, Mmarekani Charles Kettering alileta mfumo wa koili na kontakti. Kontakti zinapofunguka, umeme wa koili hukatika ghafla na cheche huruka kwenye plagi. Kondensa hupokea umeme ambao ungeruka kati ya kontakti na kuziunguza. Ikiharibika, cheche hudhoofika na gari huzima. Tatizo ni kwamba ukiipima ikiwa baridi, huenda ukaiona nzima. Joto ndilo huifichua.

Mfumo huo ulitawala magari ya petroli hadi miaka ya 1970, vifaa vya elektroniki vilipoanza kuuondoa. Beetle ya kawaida ilikoma kutengenezwa Ujerumani mwaka 1978. Ya mwisho duniani ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464.

Hapo ndipo shida ilipo. Kampuni ya magari inaponunua spea za kuundia magari mapya, hupima na kukataa mbovu, maana hasara ya dhamana ni yake. Gari likishaacha kuundwa, mkaguzi huyo hayupo tena. Soko linabaki dogo, kila muuzaji anashindana kwa bei, na anayegundua ubovu ni dereva aliyekwama barabarani.

Nilizikagua kondensa tatu za mjomba. Maboksi yalikuwa ya majina matatu tofauti, lakini vyenyewe vilifanana hadi alama iliyogongwa kwenye bati. Yaani tulidhani tunabadilisha kampuni, kumbe tunabadilisha karatasi tu. Waandishi wa programu mtanielewa: ni maktaba ileile yenye kasoro, imepewa jina jipya.

Baadhi ya watengenezaji wamerudi kusaidia. Mwaka 2018 Porsche ilitangaza kuchapisha kwa 3D spea adimu, ikiwemo wenzo wa klachi ya Porsche 959, gari lililoundwa 292 tu. Lakini hiyo ni gari ya matajiri. Mwenye Beetle anabaki dukani akikisia.

Fundi ndiye aliyemaliza kesi. Alileta kondensa kuukuu aliyoitoa kwenye injini iliyokufa, akaifunga bila malipo. Gari halijazima tena. Mjomba alikwenda gereji mwenyewe kuomba radhi.

Basi ukifunga spea mpya, andika tarehe na alama iliyo kwenye chuma chenyewe, si jina la boksi. Na ile ya zamani kama bado inafanya kazi, iweke kwenye buti. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.