Ametulia

Siku ya pili baada ya upasuaji wa moyo wa mpwa wangu, muuguzi alifungua mlango wa ICU nusu, akatuambia neno moja ambalo wote tuliokaa kwenye lile benchi tulilipokea kama zawadi: "Ametulia."

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Walikuwa wamempasua kifua na kuziba tundu kati ya vyumba viwili vya moyo wake. Bibi yake alisema alhamdulillahi. Mimi nilipumua. Dada yangu peke yake ndiye aliyebaki ameukazia macho mlango uliokwisha kufungwa.

"Yule mtoto hatuliagi," alisema.

Nilimwona kama mtu anayetafuta la kuhofia. Lakini benchi la hospitali lina muda mwingi, na simu yangu ilikuwa na chaji. Nikaanza kusoma jinsi watoto walivyolazwa zamani, nikakuta kwamba neno hilo moja lina historia ndefu, na kwamba dada yangu hakuwa mama wa kwanza kulitilia shaka.

Katika hospitali nyingi za Uingereza, hadi katikati ya karne ya 20, mzazi alimkabidhi mtoto mlangoni na kurudi nyumbani. Mwaka 1949, saa za kuona watoto katika hospitali kubwa za London zilikuwa hivi: Guy's, Jumapili tu, saa 8 hadi saa 10 alasiri. St Thomas', mwezi wa kwanza hakuna kumwona kabisa, ila wazazi waliweza kumchungulia akiwa amelala, kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Kumchungulia amelala: yaani mama amwone mtoto, lakini mtoto asimwone mama.

Haikuwa roho mbaya. Kabla ya penisilini kuenea, dondakoo na homa nyekundu ziliweza kuingia wodini na mgeni mmoja na kumaliza watoto ambao kisu kilikuwa kimeshawaokoa. Sababu ya pili walikuwa nayo wauguzi, tena waliiona kwa macho yao. Mtoto mgeni alilia siku mbili tatu, akanyamaza, akala, akawa msikivu. Jumapili mama alikuja, mtoto akaangua kilio upya, na jioni wodi nzima ikawa vurugu. Hesabu ilionekana rahisi: mama ndiye anayeleta kilio. Akikaa mbali, mtoto anatulia.

Aliyeikataa hesabu hiyo hakuwa daktari. James Robertson, Mskoti, alifanya kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili katika vituo vya Anna Freud vya kulelea watoto kule Hampstead, na kazi yake ilikuwa kutunza boila. Anna Freud alitaka kila mfanyakazi, hata wa boila, aandike kwenye kadi alichokiona kwa watoto. Robertson akajifunza kutazama. Mwaka 1948 alijiunga na Tavistock Clinic kufanya kazi na John Bowlby, na akawa anakwenda kukaa wodini, siku baada ya siku, akiwaangalia watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao.

Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto anapinga: analia, anatikisa kitanda, anamwita mama. Kisha anakata tamaa: ananyamaza na kujikunyata. Mwishowe anajitenga: anacheza, anamchekea kila mtu, na mama akija anamtazama kama mpita njia. Hatua hii ya tatu ndiyo wauguzi waliyoiita kuzoea. Robertson aliiona kuwa ndiyo mbaya kuliko zote.

Madaktari hawakumsikiliza, basi akanunua kamera, ingawa hakuwahi kushika kamera ya sinema maishani mwake. Mwaka 1951 alimrekodi msichana wa miaka miwili na miezi mitano aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Upasuaji wenyewe ulikuwa mdogo, na mtoto alichaguliwa kwa bahati nasibu. Kila siku Robertson alipiga picha saa zilezile, saa ya ukutani ikionekana, asije akaambiwa kwamba amechagua vipande vya kilio tu.

Na kweli msichana yule hakulia sana. Alijizuia. Uso ulikunjamana na kukunjuka, akauliza habari za mama yake kwa sauti ndogo, akamkumbatia dubu wake. Siku ya nane mama alikuja kumchukua. Mtoto alikusanya vitu vyake, akatoka, na akakataa kumshika mama mkono.

Filamu ilipooneshwa kwa madaktari wa Royal Society of Medicine mwaka 1952, wengi walikasirika. Dermod MacCarthy, daktari wa watoto wa Amersham, alikuwa miongoni mwa waliokasirika. Aliporudi wodini kwake akaanza kuyaona yaleyale kwa watoto wake, akafungua mlango. Mwaka 1958 Robertson alitengeneza filamu ya pili katika hospitali hiyohiyo, ya mtoto aliyelazwa pamoja na mama yake. Mwaka uliofuata kamati ya Sir Harry Platt iliishauri serikali ya Uingereza iruhusu wazazi kuwaona watoto bila saa maalumu, na mama wa watoto wa chini ya miaka mitano walazwe nao. Hospitali nyingi zilijivuta. Mwaka 1961 akina mama wa Battersea, London, waliunda chama cha kuzidai zitekeleze.

Ile hofu ya maambukizi nayo ilikuwa imeshapata jibu mbali na hapo. Miaka ya 1940, huko Lower Hutt, New Zealand, mume na mke Henry na Cecily Pickerill, wote wapasuaji, waliwatengeneza watoto wachanga waliozaliwa na mdomo wa sungura na kaakaa lililopasuka. Kila mtoto alitunzwa na mama yake mwenyewe, na mikono ya wengine ilipunguzwa. Maambukizi kutoka kitanda hadi kitanda karibu yalitoweka. Kumbe aliyebeba vijidudu mara nyingi alikuwa muuguzi aliyetoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Nikaendelea kusoma, nikakuta ukurasa mwingine uliofanya nisimame kwenye benchi. Hadi miaka ya 1980, watoto njiti waliopasuliwa ili kufungwa mshipa karibu na moyo mara nyingi walipewa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu, bila dawa kali ya maumivu. Iliaminika kwamba wachanga hivyo hawahisi sana, na kwamba dawa ingewaua. Aliyelegezwa misuli hawezi kulia, wala kukunja uso. K.J.S. Anand, daktari kijana mzaliwa wa India aliyekuwa Oxford, aliwaona wakirudi wodini katika hali mbaya mno. Yeye na wenzake wakalinganisha watoto 16, nusu wakiongezewa dawa ya maumivu ya fentanyl. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliopewa dawa walikuwa na homoni chache za mshtuko na matatizo machache baada ya upasuaji. Mwaka huohuo madaktari wa watoto wa Marekani walitangaza kwamba mtoto mchanga naye apewe dawa hizo. Wale wengine wote, kabla yake, walikuwa wametulia.

Wodi zetu hazikuhitaji filamu. Kwetu mama hulala na mtoto kitanda kimoja, au chini kwenye mkeka, akiwa na kanga mbili na chupa ya chai. Tusijisifu sana: hatukufuata nadharia, wauguzi ni wachache, na mama ndiye anayelisha, anayefua, anayekimbilia dawa, huku biashara yake imefungwa. Lakini kwa mlango wa nyuma tulibaki na kitu ambacho wengine walikidai kwa miaka. Uliobaki umefungwa ni mlango wa ICU.

Siku ya nne mpwa wangu alihamishiwa wodini. Hakumtazama mama yake. Aligeukia ukuta, akanywa uji aliopewa, hakusema neno. Dada alipanda kitandani, akajilaza kwa ubavu ili asiguse kidonda. Wanaume haturuhusiwi kulala mle, nikarudi nyumbani.

Saa 10 alfajiri simu ikaita. Dada hakuongea. Alikuwa ameisogeza tu karibu na mtoto, na nikamsikia akilia kwa sauti yake yote, akimlaumu mama kwa kumwacha kule ndani, huku mwanamke wa kitanda cha jirani akisema kwa usingizi, "Mwache alie, mama. Kapona huyo."