Kinyago bila maneno yake: vitu vya Walega katika makumbusho ya Bukavu

Mjini Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, wamisionari Wasaveri wana jumba dogo la makumbusho, mize kama wengi wanavyoliita, lenye vitu vya kale vya watu wa Kivu, hasa Walega. Mtu wa Shabunda, Mwenga au Pangi akiingia humo huenda akasimama mbele ya kabati na kusema: hiki kilikuwa kwa babu. Kisha anatoka na kurudi nyumbani. Alichokijua ameondoka nacho.

Kwa Walega, kitu cha bwami hakikuwa pambo. Bwami ni chama cha wakubwa ambamo mtu hupanda ngazi kwa mwenendo mwema na kwa msaada wa jamaa zake, mpaka yananio, na juu kabisa kindi. Wake zao nao wana ngazi zao. Ya juu inaitwa bunyamwa. Kila sanamu, ya pembe au ya mti, iliendana na methali, wimbo na mchezo. Sakimatwematwe, sanamu ya vichwa vingi, inahusu hekima ya mkubwa anayetazama pande zote. Lukwakongo, kinyago kidogo chenye ndevu za nyuzi, hakikukaa usoni tu: kilifungwa mkononi, kilitundikwa kwenye uzio, kiliburutwa kwa ndevu zake. Kitu kilekile kiliweza kubeba mafundisho mbalimbali. Anayekiona leo kimetulia nyuma ya kioo ameona nusu, na pengine hata nusu haijafika.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku. Vitu vingi vilichukuliwa au kuuzwa, vikaishia Ulaya na Marekani. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Walega katika miaka ya 1950, aliandika methali pamoja na vitu vyake. Wengine wengi walibeba vitu na kuacha maneno. Ndiyo sababu sanamu nyingi huko nje zina kibandiko chenye jina la kabila tu: si kijiji, si mwenyewe, si methali.

Mnamo Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Wasuku, kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mjadala wa kurudisha mali ya Kongo unaendelea, na ni wa haki. Lakini kinachopungua katika makabati ya Bukavu hakiko Ubelgiji. Kiko kwa wazee, na wengi wao vita vimewatoa vijijini na kuwatupa mjini. Mzee aliyekimbia Shabunda bila hata godoro bado ana majina yote kichwani. Akifariki katika nyumba ya kupanga, hakuna atakayeyarudisha.

Kwa hiyo anayetembelea makumbusho hahitaji kuleta kitu. Tena awe mwangalifu: kitu cha bwami kilishikwa kwa ajili ya cheo na ukoo, na mwenyewe akifa kilimngoja mrithi. Kijana anayekitoa nyumbani ili akiuze, au hata akitoe zawadi kwa makumbusho, aulize jamaa kwanza.

Kinachohitajika ni habari: jina la kitu kwa Kilega, kijiji, ukoo, cheo cha aliyekishika, siku gani kilitolewa nje na nani aliimba. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mzee akikubali. Akina mama pia waulizwe, maana mara nyingi wanasahauliwa, na wenye bunyamwa walikuwepo.

Kuna mambo ambayo mzee hatayasema kwa asiyeingia bwami. Asilazimishwe. Mwenye kurekodi aandike hivyo hivyo, kwa tarehe na mahali: mzee anajua maana ya kitu hiki, amekataa kuisema.