Uhuru Angani na Kaa la Moto

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo anga za mbali. Msimamizi wa mradi, Bi. Marjorie Townsend, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili, Uhuru, kuwaenzi wenyeji wake.

Miale ya eksirei hufyonzwa na hewa ya dunia, haifiki ardhini. Hapo awali, roketi ndogo zilipanda, zikachungulia kwa dakika chache, zikaanguka. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa kazi hiyo pekee, nayo ilidumu kazini hadi 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja kimetiwa alama 4U: tarakimu ni ya toleo, herufi ni ya Uhuru. Hadi leo, mwanafalaki wa Tokyo au Chicago anapozitaja nyota hizo, hutamka herufi ya kwanza ya neno letu, ajue asijue.

Ndani ya orodha hiyo mna 4U 0531+21, yaani Nebula ya Kaa. Nebula, kwa Kilatini, ni ukungu. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota ngeni iliyoonekana hata mchana kwa siku 23. Ukungu tuuonao sasa ni mabaki ya nyota hiyo iliyolipuka, umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500. Jina la Kaa lilitokana na mchoro wa Lord Rosse wa Ireland, katika karne ya 19, ulioifanya ionekane kama mdudu mwenye miguu mingi.

Tafsiri hiyo imetuzalia maana ambayo Rosse hakuikusudia. Kaa wa pwani hutembea upandeupande. Kaa la moto hubaki likiwaka kuni zikishateketea. Tusemapo "kaa huyu" au "kaa hili", ngeli hututenganishia. Tusemapo "Nebula ya Kaa", ngeli hunyamaza na maana zote mbili husimama pamoja. Rosse alimchora kaa wa kwanza. Uhuru iliipokea miale ya kaa la pili.

Malenga wetu wamezoea kuiita Zuhura wanapomsifu mpenzi, na wakulima wetu wameitazama Kilimia kabla ya kushika jembe. Falaki ya leo, hata hivyo, watoto wetu wengi huisoma kwa lugha za watu, kana kwamba Kiswahili hakijawahi kufika huko. Kilifika, tena kikitokea Malindi. Naona ni wajibu wetu kulifuata neno lile kwa tungo zetu, maana kaa lile lingali linawaka na halijapata shairi lake.