Mfuko Uliokatazwa Mpakani

Sisi wa Gisenyi tunaijua plastiki kwa mikono. Mwaka 2008 sheria ya Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya politheni, na siku moja shangazi, akitoka Goma, alihamishia vitenge vyake kikapuni palepale mpakani.

Politheni ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza. Eric Fawcett na Reginald Gibson walibana gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa mno, wakakuta kitu cheupe kama nta. Mwaka 1957 Andrew Keller wa Bristol alieleza kwamba minyororo ya molekuli zake hujikunja ndani ya fuwele.

Kwangu siri ya mfuko iko hapo. Minyororo mifupi hujipanga upesi. Mirefu hunasana, fuwele zikakua polepole, lakini ndiyo inayoshika fuwele moja na nyingine. Kwa hiyo viwanda huchanganya yote miwili, na mfuko mwembamba haupasuki ovyo. Minyororo hiyohiyo huwashinda vijidudu vya udongoni, mfuko ukabaki mtaroni miaka na miaka.

Shangazi anaikubali sheria, ila husema kikapu hakizuii mvua.